Dar es Salaam kwa miguu: mwongozo kamili wa njia za mjini, ufukweni, visiwani na milima ya Pugu

Mtu anayetaka kutembea kwa miguu Dar es Salaam huanza kwa kuuliza njia. Mimi humshauri aanze na maji: leo yanakupwa saa ngapi? Ufukwe wa Kigamboni ambao saa 3 asubuhi ni mchanga mgumu wa kutembea hata na mtoto, saa 10 jioni siku hiyohiyo huenda usiwe na pa kuweka mguu, bahari ikigonga kuta za nyumba. Mkondo unaovukwa kwa maji ya kifundoni asubuhi, alasiri humfika mtu kifuani. Mji huu umepakana na bahari, una visiwa mlangoni pake na vilima mgongoni, na karibu kila njia yake nzuri ina saa zake. Ukizijua saa hizo, utatembea kwa raha mwaka mzima.

Kwanza: hesabu ya maji

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1, na ufukwe haufunguki sana.

Kwa makadirio ya haraka, tumia tarehe ya mwezi wa mwandamo, ile ya kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani kwenye nyumba na maduka mengi. Tarehe 1 na tarehe 15, maji ya Dar hukupwa karibu saa 4 asubuhi, yakajaa karibu saa 10 jioni. Kwa kila siku inayofuata ongeza dakika 50, na kwa kila siku iliyotangulia punguza dakika 50. Kwa mfano, tarehe 4 ni siku tatu baada ya tarehe 1, kwa hiyo maji yatakupwa karibu saa 6 na nusu mchana. Tarehe 8 yatakupwa alasiri, karibu saa 10, maana yake asubuhi ile ufukwe utakuwa umefunikwa. Haya ni makadirio ya kupangia safari. Siku yenyewe, hasa kama utavuka mkondo au utapanda boti, tazama jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari au programu ya simu.

Kwa hesabu hiyo utaona kwamba siku nzuri kupita zote kwa mtembeaji wa ufukweni si bamvua yenyewe, bali siku moja au mbili kabla yake: tarehe 13, 14, 28 na 29. Siku hizo maji hukupwa kati ya saa 2 na dakika 20 na saa 3 na dakika 10 hivi asubuhi, kwa hiyo unaweza kuanza saa 12 na nusu, jua likiwa bado chini, na kumaliza kabla halijakuwa kali. Ukisubiri bamvua, ufukwe utakuwa mpana zaidi lakini utautembea hadi saa 5 na saa 6, jua la utosi.

Kanuni ya kushika: anza saa mbili kabla ya maji kukupwa, maliza kabla ya saa mbili baada ya kukupwa. Ukianza mapema, hata ukichoka au ukipotea, maji bado yako upande wako. Na kumbuka kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa hupanda polepole mtu asitambue. Saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi. Hapo ndipo watu hunaswa kwenye miamba.

Pili: majira na upepo

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achana na Pugu na mabonde yote. Udongo wa vilima huteleza, na mto Msimbazi hufurika pale Jangwani hadi barabara kufungwa. Juni hadi Septemba hewa ni ya ubaridi kiasi na ndio wakati wa kutembea masafa marefu nchi kavu, ila kusi huvuma na bahari ya nje huchafuka. Oktoba na Novemba, upepo unapogeuka, mara nyingi bahari hutulia, nao ni wakati mzuri wa visiwa ingawa mvua za vuli zinaweza kukukuta. Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto na unyevu wa kuchosha. Kipindi hicho tembea alfajiri tu.

Kila unapopanga kwenda kisiwani sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2, safari ya boti iahirishwe, hata kama nahodha anasema anaijua bahari.

Tatu: mavazi na mzigo

Maji lita 2 kwa kila mtu kwa nusu siku, si pungufu. Kofia yenye ukingo. Shati jepesi la mikono mirefu linafaa kuliko fulana, kwa sababu jua la ufukweni huchoma kutoka juu na kutoka majini. Kanga au kikoi: ni taulo, ni kivuli, ni shuka la kukalia, ni stara unapopita kijijini.

Viatu ndivyo hukosewa zaidi. Kandambili zinafaa kwa mchanga tu. Pwani yetu ina miamba ya matumbawe mafu yenye makali, na kwenye vidimbwi kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambayo ikikuingia hukatikia nyamani. Vaa raba kuukuu zisizoogopa maji ya chumvi, au sandozi zenye mikanda ya kufunga nyuma. Yeboyebo za plastiki ni rahisi na zinafaa sana kuvukia mikondo. Unapokanyaga maji usiyoona chini yake, buruta mguu badala ya kuuinua na kuukita: samaki taa aliyelala mchangani ataondoka kabla hujamkanyaga.

Pesa taslimu kidogo kwa ajili ya kivuko, bajaji na madafu, kitambulisho, simu kwenye mfuko usioingiza maji. Usibebe mfuko wa plastiki wa dukani, ulipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Ada za hifadhi na makumbusho hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, kwa hiyo hakikisha una salio kwenye mtandao wako wa pesa kabla ya kutoka. Namba ya dharura ni 112.

Njia ya mjini: Feri, Posta na Ocean Road

Hii ni ya kuanzia kwa mgeni wa mji na kwa mwenyeji ambaye Posta anaijua kwa foleni tu. Ina kama kilomita 5. Itembee Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu. Panda mwendokasi hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni na uanzie soko la samaki la Feri, maana hapo siku imeanza zamani: majahazi na ngalawa zimeshaleta mzigo, mnada unaendelea, na ukitaka kujua upepo wa leo ukoje, waulize wavuvi waliorudi usiku.

Kutoka Feri fuata barabara ya Kivukoni ukiwa na maji kushoto. Mlango wa bandari ni mwembamba, na meli kubwa inapopita huonekana kana kwamba utaigusa. Utafika Azania Front, kanisa la Kilutheri la wakati wa Wajerumani lenye paa la vigae, halafu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Mbele kidogo, mkabala na gati ya boti za Zanzibar, kuna Boma la Kale. Wengi hupita wakikimbilia boti bila kulitazama. Kuta zake za mawe ya matumbawe zilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiujenga mji huu mpya, kabla Mjerumani hajahamishia makao yake hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Simama kidogo hapo, kwa sababu ni kati ya majengo machache yaliyobaki ya siku za mwanzo za mji.

Panda barabara ya Morogoro hadi Samora, pinda kulia, na utakuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia. Singe yake inaelekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yapo kwa Kiswahili pia, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, yasome.

Endelea na Samora moja kwa moja. Kivuli huongezeka unapokaribia Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, na jirani yake, mtaa wa Shaaban Robert, kuna Makumbusho ya Taifa. Ukiwahi kabla hayajafunguliwa, pumzika bustanini na usubiri. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 linatosha kuwa sababu ya kuingia. Karibu hapo pia ni ukumbi wa Karimjee, lilipokuwa likikaa Bunge. Samora inaishia hospitali ya Ocean Road, jengo la mwaka 1897 ambalo leo ni taasisi ya saratani. Pita kwa utulivu, ndani kuna wagonjwa.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Upande wa kusini wa hospitali ni eneo la Ikulu. Weka simu mfukoni, usipige picha ya ukuta, lango wala askari, na ukiambiwa ugeuze, geuza bila mabishano. Picha za kivuko na bandari nazo huleta maswali. Kama hukulenga kufunga duara kwa kurudi Feri, kata kaskazini.

Kuunganisha na Coco kupitia daraja la Tanzanite

Kutoka Ocean Road, barabara ya Barack Obama inafuata bahari kwenda kaskazini hadi hospitali ya Aga Khan, na hapo linaanza daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lina urefu unaozidi kilomita 1 kidogo, lina njia ya waendao kwa miguu, na linapita mbele ya mdomo wa Msimbazi. Kushoto utaona daraja la zamani la Salender na mikoko iliyosalia. Maji yakiwa yamekupwa, ndege wa pwani hujaa kwenye tope. Hakuna hata mti mmoja wa kivuli hapo juu, kwa hiyo lipite kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni.

Daraja linakushusha upande wa ufukwe wa Coco. Mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili ndiyo chakula cha pale, pamoja na mishikaki na madafu. Jumamosi na Jumapili jioni watu ni wengi na ni salama kiasi. Vipande vya ufukwe na barabara vilivyo vitupu, hasa giza likiingia, vina vibaka, na lazima ulichukulie jambo hilo kwa uzito. Jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi kutegemea mwezi, na giza la pwani huingia haraka. Uwe umeshapanda gari kabla yake.

Kigamboni: ufukwe mrefu kwa maji yaliyokupwa

Ningepewa kuchagua njia moja tu ya mji huu, ningechagua hii. Ina kila kitu ambacho pwani ya Dar es Salaam ilikuwa nacho kabla kuta hazijaongezeka: mchanga, minazi, wavuvi, kina mama wa kuokota kombe, na visiwa vya Sinda mbele yako karibu njia yote.

Vuka kwa pantoni kutoka Magogoni. Ni dakika chache tu majini. Saa za kwenda na kutoka kazini msongamano ni mkubwa. Jumamosi asubuhi ni nafuu. Ukishuka Kigamboni, kipande cha kwanza kiende kwa bajaji au kwa miguu barabarani, kama kilomita 2, hadi eneo la Mikadi ambako unaweza kushuka ufukweni. Kutoka hapo elekea kusini, bahari kushoto, hadi Kipepeo. Hesabu saa mbili hadi mbili na nusu kwa mwendo wa kupumzika. Tembea pale mchanga ulipolowa na kugandamana; mchanga mkavu wa juu huchosha miguu mara mbili.

Mahali pa kuamua ni pale mkondo wa Mjimwema unapokutana na bahari. Maji yakiwa yamekupwa vizuri, panavukika. Yakiwa yanajaa, usijaribu. Mkondo una nguvu na chini yake ni tope la mikoko. Usitegemee ramani ya simu hapo, maana mchanga huhama. Muulize mtu aliye karibu, na uulize kwa adabu ya pwani: salamu kwanza. "Shikamoo mama, habari za toka asubuhi? Hapo mbele panapitika?" Mama anayeokota kombe anajua mkondo ule kwa saa na kwa siku. Akikwambia "mwanangu, rudi," rudi, panda hadi barabarani, chukua bajaji hadi upande wa pili na uendelee na safari yako.

Njiani utakutana na kuta za hoteli na nyumba za watu zilizosogea hadi kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ufukwe ni wa wote. Lakini mtembeaji hafanyi kesi na mlinzi aliyeajiriwa. Msalimie, mwambie unapita, pita chini kwenye mchanga uliolowa. Ndiyo sababu nyingine ya kutembea maji yakiwa yamekupwa: yakijaa, ukuta huo unakuwa ndio mwisho wa njia. Nasema kwa uchungu, kwa sababu ufukwe usiotembelewa na wenyeji ni rahisi kuzibwa, na kila anayepita kwa miguu anaweka hai haki ya kupita.

Mwisho wa njia kuna mabanda ya chakula na pa kuogelea. Wenye nguvu wanaweza kuendelea siku nyingine kuelekea Gezaulole, kijiji kilichojulikana enzi za Ujamaa, na karibu yake makaburi ya kale ya Mbwamaji. Ni mbali. Kwenda kwa gari na kutembea eneo lile tu ni busara zaidi kuliko kuunganisha yote kwa siku moja. Kurudi Feri, daladala na bajaji ziko barabarani juu.

Bongoyo

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Maana yake kwako ni mambo mawili: unalipa ada ya kuingia, na huchukui chochote. Si kombe, si tumbawe, si kiti cha pweza kilichokauka. Matumbawe ya pwani hii yaliumizwa vibaya na uvuvi wa baruti, na yanayoota sasa hayahitaji mguu wa mtu juu yake.

Boti za Bongoyo huondokea Msasani, kwenye gati ya Slipway, na safari ni kama nusu saa. Kabla hujapanda, fanya mambo haya kwa mpangilio. Uliza bei pamoja na ada, na kama ni kwenda na kurudi. Uliza boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, na namba ya simu ya nahodha. Vaa jaketi la kuokolea kabla boti haijang'oa nanga, usilikalie. Kama majaketi hayatoshi watu waliomo, subiri boti nyingine.

Watu wengi hushuka Bongoyo wakalala mchangani hadi jioni, wakarudi. Wewe geukia msitu. Kuna kijia kinachokwenda ndani ya kisiwa, kupita vichaka vikavu na mibuyu, hadi kwenye kingo za mawe zinazotazama bahari kuu. Kwenda na kurudi, kwa mwendo wa kuangalia mambo, tenga saa moja na nusu hadi mbili. Raba ni lazima: mawe yale yana makali ya kukata. Usisogee ukingoni kabisa, kwa sababu mawimbi yamekula mwamba kwa chini na unaposimama huenda ni dari tupu. Usizunguke kisiwa kwa kufuata maji bila kujua saa; upande wa mawe hauna pa kupandia bahari ikijaa. Kimbia joto kwa kutembea mara tu unaposhuka, kisha uogelee. Samaki wa kuchoma hupatikana ufukweni, lakini maji ya kunywa beba ya kwako, na taka zako zirudi nawe kwenye boti.

Kunduchi na Mbudya

Siku hii ina historia asubuhi na bahari mchana. Shuka kituo cha Mtongani, barabara ya Bagamoyo, na utembee au uchukue bodaboda hadi Kunduchi Pwani. Magofu yako kati ya mibuyu: msikiti wa kale wa mawe, na makaburi ya nguzo ambayo mengine yalipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Vishimo vya duara kwenye nguzo ndimo vilimokaa vyombo hivyo. Ni makaburi ya watu, na wazee wa kijiji bado wanayaheshimu. Jisitiri, usipande juu ya kaburi, na anza kwa kumwona mtunzaji ili akuandikishe na kukuonyesha njia.

Kutoka hapo teremka kijijini kwa wavuvi, kisha ufuate ufukwe kwenda kusini kuelekea hoteli. Bahari imekula sana upande huu. Utaona matuta ya mawe yaliyojengwa kuingia majini ili kuizuia, na kila tuta ni la kupanda na kushuka. Maji yakiwa yamejaa, usijaribu kabisa.

Boti za Mbudya huondokea ufukwe wa hotelini na hufika kwa dakika 15 hadi 20. Ufukwe mrefu uko upande wa magharibi, unaotazama bara, na vijia vifupi vinaingia msituni kati ya mibuyu. Kwa kutembea, Bongoyo inaizidi. Kwa familia yenye watoto wadogo, Mbudya ni rahisi zaidi.

Milima ya Pugu

Baada ya bahari, msitu. Pugu iko kusini magharibi mwa mji, kama kilomita 25 hadi 30, kupita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe. Vilima vyenyewe havizidi sana mita 300, lakini hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi ni sehemu ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana penginepo. Mmoja ni komba mdogo wa Rondo, anayetoka usiku. Mchana utaona zaidi ndege, vipepeo na nyani, na ukinyamaza unaweza kumwona sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikimbia kwenye majani makavu.

Msitu huu umekatwa sana kwa ajili ya mkaa wa kupikia majiko ya mji uleule unaouona kutoka juu ya kilima. Ada unayolipa kwa Wakala wa Huduma za Misitu na posho unayompa mwongozaji wa kijijini ni sababu halisi ya mti kubaki umesimama.

Utaratibu ni huu. Fika ofisi ya hifadhi kabla ya saa 2 na nusu asubuhi, lipa, omba mwongozaji. Usiingie bila yeye: vijia vya wakata mkaa vinafanana na vya watalii na vinapotea vichakani. Mwambie unataka saa ngapi; mzunguko wa saa tatu hadi nne unatosha kwa mtu wa kawaida, ukiwa na bwawa, mapango na mahali pa kuitazama Dar es Salaam. Mapango yale ni machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe, na yamejaa popo. Ingia kwa tochi, kitambaa puani, usiguse kuta, na kama una pumu baki nje. Vaa suruali ndefu na soksi zilizopandishwa juu yake kwa sababu ya upupu, miiba na kupe. Ukirudi nyumbani jikague mwili mzima.

Karibu na msitu kuna shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili afanye siasa. Ni shule yenye wanafunzi, kwa hiyo omba ruhusa ofisini ukitaka kuingia. Kutoka msituni uwe umemaliza kabla ya saa 10 alasiri. Magari ya kutoka Kisarawe kwenda Gongo la Mboto hujaa jioni, na foleni ya kuingia mjini huanza kukaza saa 11. Ukiwahi, mle chakula cha mchana Kisarawe mjini na mwongozaji wenu, kisha mshike gari mkiwa mmekaa.